Barafu ya Siku ya Wageni wa Kangari

Fundi,

Nimeagizwa nikuandikie. Aliyeniagiza ni mama mmoja wa Kangari ambaye ulionana naye mara mbili tu, na kila mara kwa shida, kwa hiyo huenda jina lake limekutoka. Nitafika kwake. Tangu Jumamosi nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nne nimeinuka nikaenda kufanya kazi isiyokuwa na haraka. Nimeosha mirija ambayo ilikuwa safi. Nimepanga chupa kwa urefu, halafu nikazipangua. Sasa nimefunga mlango wa chumba chetu cha kazi, nimekaa kwenye stuli yako, ile ya mguu mfupi uliouwekea kifuniko cha soda, na nimejiambia siinuki mpaka nimalize. Tutaona.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho kati yetu. Kibukusu chako sikukijua zaidi ya salamu, na Kikuyu chako, Fundi, samahani, kilikuwa cha kuwachekesha mbuzi. Basi tulikutana hapa katikati, wewe na lafudhi yako na mimi na yangu, na kwa miaka miwili tulielewana vizuri kuliko mimi na dada zangu.

Habari za hapa stesheni ya utafiti wa chai ni hizi. Friji ya mafuta ya taa iliyokuwa ikikutia masizi puani imeondolewa, tumeletewa ya umeme. Ule msonobari wa dirishani umekatwa, kwa hiyo mlima tunauona asubuhi, na nadhani ungeupenda kwa siku mbili kisha ungeanza kulalamika kuhusu mwanga kwenye kioo cha mita. Nimeajiriwa rasmi. Meza yako ni yangu sasa. Nilipopewa ufunguo wa droo nilishukuru kwa sauti ndogo, na Daktari, mkuu wetu, akadhani ni adabu.

Sikuja kukuzika. Hilo lazima niliseme mapema. Lori la stesheni lilikuja Bungoma na nafasi yangu ilikuwepo, mbele kabisa, karibu na dereva. Nilisema naumwa. Sikuwa naumwa. Niliogopa kusimama pale watu wakieleza kazi yako na uaminifu wako, halafu mtu aseme, na huyu hapa ndiye msaidizi wake, asimame tumwone.

Nimeinuka kidogo. Nimeangalia barafu. Nimerudi.

Niache nieleze kazi yenyewe, ingawa ni wewe uliyenifundisha, maana nikiieleza mikono yangu inatulia. Nyaya mbili nyembamba kama unywele, mmoja wa shaba na mwingine wa madini ya kijivu. Ukizichomelea zikaungana kwenye ncha zote mbili, ncha moja ikiwa na joto kuliko nyingine, umeme mdogo sana hupita, na mita huuona. Ncha ya kwanza tunaichomeka ndani ya jani bichi la chai, katikati ya seli zilizo hai. Ncha ya pili inakaa ndani ya barafu inayoyeyuka, ambayo joto lake ni digrii sifuri, haipandi wala haishuki. Kisha jani tunalishusha polepole kwenye sanduku la barafu na chumvi mpaka lipate baridi kali, tujue ni baridi ya kiasi gani inayoua chai. Mita haijui joto la jani. Inajua tu tofauti kati ya jani na ile barafu ya sifuri. Wiki yangu ya kwanza, nikitoka Wamagana na cheti cha shule na viatu vipya vilivyonibana, uliniambia, "Barafu ndio shahidi yetu, mama. Shahidi akilewa, kesi imeharibika."

Uliniita mama nikiwa na miaka ishirini. Nilidhani unanitania, kumbe kwenu ndiyo heshima.

Na ile siku ya kwanza uliponionyesha mshale wa mita! Ulikuwa ukishuka, ukishuka, halafu ukaruka juu kidogo, kama jani limepata joto ghafla katikati ya baridi yote ile. Nikasema waya umelegea. Ukacheka mpaka ukavua miwani. Ukanieleza kwamba maji yakigeuka barafu hutoa joto, na kwamba jani la chai huruka mara mbili. Mara ya kwanza ni maji yaliyo nje ya seli yanaganda, na hapo jani bado lina uhai, ukilipasha polepole linaweza kupona. Mara ya pili ni seli zenyewe. "Ya kwanza barafu inapiga hodi," ukasema. "Ya pili jani inaaga." Tangu hapo kila mshale uliporuka mara ya pili ulikuwa ukinong'ona "kwaheri" bila kujua kwamba unanong'ona. Mimi nilikuwa nikiandika nambari.

Sasa hiyo siku ya wageni.

Ilikuwa Julai ya kwetu, ukungu umeshuka mpaka ng'ombe walionekana miguu tu. Kina mama watano wa kitalu cha Kangari walikuwa wamepanda lori la majani ya chai kabla ya jua kutoka. Walileta majani yao wenyewe, yamefungwa kwenye majani ya mgomba yaliyoloweshwa, ili tuwapimie kama chai yao ya kule juu inavumilia sakitu, ule umande unaoganda alfajiri ya kiangazi. Walikuwa wanatetemeka. Kiongozi wao, Mama Muthoni, alikuwa amefunga shuka juu ya koti na bado meno yalikuwa yakigongana. Wewe na Daktari mlikuwa nje mkichagua majani. Mimi niliambiwa niwape wageni chai ofisini.

Jikoni ni chini ya mteremko, unajua. Chai ingefika imepoa. Na thamosi ya jikoni ilikuwa imevunjika kioo wiki hiyohiyo. Stesheni nzima ilibaki na thamosi moja nzima, ile ya kifuniko chekundu, na ndiyo iliyokuwa na barafu yetu ya sifuri.

Fundi, kwetu mgeni haondoki midomo mikavu. Mama yangu angeweza kumkopa jirani majani ya chai kuliko mgeni atoke na hadithi kwamba kwa fulani hakuna kitu. Sikufikiri hata dakika moja. Niliimwaga barafu kwenye karai, nikaliacha karai jikoni, nikajaza chai ya maziwa ndani ya thamosi, nikapanda nayo. Walikunywa vikombe viwiliviwili. Mama Muthoni aliongeza cha tatu akasema mikono imerudi kuwa yake. Nilifurahi sana.

Niliporudi jikoni barafu kwenye karai ilikuwa imebaki vipande vinne. Nilikuwa nimeliweka karai karibu na jiko, kwa haraka yangu. Barafu nyingine yote ilikuwa imeshatiwa chumvi ndani ya sanduku. Niliisuuza thamosi, kioo chake kingali na joto la chai, nikatia vile vipande vinne, nikaongeza maji ya mfereji. Nikachovya kidole. Unajua maji ya mfereji ya Nyeri yalivyo Julai. Yanatoka mlimani, yanauma mpaka kwenye mfupa. Kidole changu kilisema ni baridi. Nikakiamini kidole.

Uliingia umebeba majani kama mtu aliyebeba mtoto, umefurahi. Ukauliza kama ulivyouliza kila siku, "Barafu iko sawa, mama?"

Nikasema, "Iko sawa, Fundi."

Nikaandika kwenye daftari la kazi: Barafu, sawa. Nikatia herufi ya jina langu mbele.

Mara ya pili uliniuliza mchana, baada ya majani matatu kuruka chini sana, chini kuliko chai yoyote tuliyowahi kupima. Ulikuwa umekunja uso. Nilijua pale pale. Usifikiri sikujua. Barafu ikipata joto, jani linaonekana kwenye mita kuwa baridi kuliko lilivyo. Hata mtoto wa shule angejua. Lakini nilikuwa bado kwenye muda wa kujaribiwa, msichana wa kwanza kuwekwa chumba kile, na Daktari alikuwa amesimama mlangoni na wale wageni wakitazama. Nikasema iko sawa. Mara ya tatu ilikuwa jioni, tukiwa wawili tu, ukiwa umeshika kalamu juu ya ukurasa. Hapo hapakuwa na mgeni wala mkuu. Hapo sina kisingizio. Petro naye alikana mara tatu, lakini kwake jogoo aliwika. Kwangu kulikuwa kimya, ukakunja daftari ukasema tuonane kesho.

Majani ya Kangari yalikuwa yameisha, na Daktari alikuwa na haraka ya kuandika karatasi ya wakulima. Ikachapishwa kwamba chai ya Kangari inavumilia baridi digrii tatu zaidi ya nyingine. Wale mama walijivuna, na nani angewalaumu? Wakahamisha kitalu chini bondeni, karibu na mto, ambako maji ni rahisi na ambako baridi hutuama. Wakaacha kufunika miche kwa nyasi, kwa sababu serikali imesema chai yao ni jasiri.

Sakitu ilianguka Januari. Mama Muthoni alikuja na gunia, akalimwaga juu ya meza ya Daktari. Miche ilikuwa myeusi kama majani ya chai yaliyokwisha pikwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nani alipima.

Ulijitokeza wewe. Daktari akasema viungo vya nyaya zako ni vibovu, mikono imezeeka. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sinia ya mirija. Nakumbuka shingo yako, kola iliyogeuzwa na kushonwa upya. Ukasema, "Inawezekana, Daktari. Macho yangu si ya zamani."

Mimi nilikaza sinia isigonge.

Wakakupeleka ghala la Kiganjo kugawa mbolea. Nilikuja kukuona mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea juu ya mvua, na makuruta wa polisi walivyokuwa wakiimba barabarani, ukasema angalau kuna muziki. Mara ya pili ulinisindikiza mpaka njiani, ukaniomba nikuletee mabaki ya nyaya, ya shaba na ya kijivu, kama hakuna mtu anayeyahitaji. Niliyaleta wiki iliyofuata, nikampa mlinzi akukabidhi. Nilidhani unataka cha kuchezea mikono. Nilijiambia hivyo, na nikaridhika, na nikala chakula cha jioni. Mvua za masika za mwaka uliofuata kifua kikakushika, na hukumaliza hata wiki mbili hospitali, ukatutoka.

Baada ya mazishi alikuja Nekesa, binti yako. Ana sura yako hata kwenye namna ya kusafisha miwani. Aliweka juu ya meza hii bati la biskuti akasema, "Baba alisema hizi zirudi kazini." Nilimpa chai. Alipoondoka nikafungua.

Nimeinuka tena. Nimetembea mpaka kwenye ua na kurudi. Ngoja.

Ndani mlikuwa na nyaya arobaini na mbili. Nimezihesabu mara nyingi. Kila mmoja umeuchomelea upya, kila mmoja una kikaratasi chenye nambari, kila mmoja umeupima kwa barafu na kwa maji yanayochemka. Na daftari dogo la shule. Kurasa zote ni moja: sioni kosa. Sioni kosa. Waya wa kumi na tisa, sioni kosa. Mwaka mzima kasoro, huko ghalani, jioni baada ya mbolea, ulikuwa ukitafuta mahali mikono yako ilipokosea. Na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya hayo yote, umeandika kwa ile herufi yako iliyolala: "Msaidizi anasema barafu ilikuwa sawa. Ninamwamini. Basi kosa ni langu."

Ungeandika kwamba unanishuku ningeweza kuvumilia. Ungeandika kwamba ulijua ukaninyamazia, ningelia, ningepona. Lakini uliniamini, Fundi. Ulijilaumu kwa sababu uliniamini. Sijui mtu anaenda wapi na kitu kama hicho.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilikuwa na mshahara na meza.

Nilianza kwa kuagiza majani Kangari. Yalipofika nikayapima kwa barafu safi, iliyojaa mpaka mdomoni, kwa waya wako wa kumi na tisa. Yaliaga pale pale inapoagia chai nyingine. Hayakuwa majasiri hata kidogo. Kisha nikafanya jambo la kipumbavu ambalo wewe ungelielewa. Nilipika chai ya maziwa, nikaijaza kwenye thamosi ya kifuniko chekundu, nikaiacha muda uleule. Nikanywa kikombe kimoja nimesimama, nyingine nikamwaga kwenye nyasi. Nikasuuza, vipande vinne, maji ya mfereji, na jani jingine la Kangari. Mshale uliporuka ulionyesha nambari ileile ya karatasi ya wakulima, au karibu kabisa nayo. Nilibaki nikiitazama. Viungo vyako havikuwa na kosa hata kimoja.

Nilimpelekea Daktari karatasi zote mbili. Alisoma, akasema maji yakimwagika hayazoleki, mzee ameshazikwa, lawama haimuumi. Akasema tuandike kwamba vyombo vilikuwa na hitilafu. Ni mtu mwenye kazi nyingi, simsemi vibaya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa na neno kama hilo miaka miwili. Nikamwambia vyombo havikuwa na hitilafu. Nikamwambia nataka iandikwe jina langu, na iandikwe kwamba kazi yako ilikuwa safi. Mwisho akatia sahihi. Nimepewa barua ya onyo, na akasema kwenda Kangari kuwaambia nitaenda mwenyewe.

Nilienda Jumamosi. Walikuwa kitaluni, sasa kiko juu tena, kimefunikwa nyasi. Nilisoma karatasi, halafu nikaiweka chini nikawaeleza kwa Kikuyu, chai na yote. Nilitegemea matusi. Mama mmoja alikuwa akitikisa kichwa, mwingine akaendelea kujaza udongo kwenye vifuko kama hajasikia. Mama Muthoni alipangusa mikono kwenye aproni.

"Kumbe tulikunywa miche yetu na maziwa," akasema.

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mimi sikuweza kucheka wala kulia.

Kisha akauliza, "Na huyo mzee, ulimwambia?"

Nikamwambia alikufa bila kujua.

Alinitazama, si kwa hasira. Akasema, "Basi mwambie. Ati mtu akikufa hana haki yake? Mwandikie, umwambie." Akarudi kwenye miche. Hakuniambia niende salama, lakini nilipofika kwenye lango mtu alinikimbilia na ndizi za njiani.

Kwa hiyo nimekuandikia. Nekesa anakwenda nyumbani Bungoma Desemba, na atakuja nami. Safari hii nitapanda gari. Nitaisoma barua hii kwa sauti pale ulipo, na nikishindwa kuimaliza Nekesa atanimalizia. Anajua kila kitu, nilimwambia jana. Alinitoa nje ya nyumba yake, akafunga mlango, halafu baada ya muda akaufungua. Bati lako litabaki kwenye droo ya juu, na waya wako wa kumi na tisa ndio ninaotumia kila siku. Kwenye daftari la kazi la siku ile, chini ya herufi yangu, nimeandika ukweli kwa wino na kuacha maneno ya zamani yasomeke. Na thamosi ya kifuniko chekundu nimeipaka rangi ubavuni, BARAFU TU, ingawa wageni wakija wakiwa na baridi sijui kama sitaona aibu. Jikoni nimenunua nyingine kwa mfuko wangu.

Nakuahidi hili moja: hakuna mtu atakayeniuliza tena kitu kwenye chumba hiki nikajibu kabla ya kwenda kutazama.

Lala, Fundi. Pumzisha mikono, haikukosea kitu.

Uliniuliza mara tatu. Barafu haikuwa sawa. Ilikuwa vipande vinne na maji ya mfereji, na niliyemwaga nyingine ni mimi.

Wako,
Wambui